Risasi ya Kiloleni

Walinitafuta wiki nzima kabla hawajanipata
nyuma ya nyumba, nikifunga mizinga ya nyuki.
Ramani ya karakana haikuchorwa, wakasema,
na mwenye karakana alikwishakwenda zake
na ufunguo, na daftari, na deni langu la miezi minne.
Karatasi iliyobaki ni mimi.

"Tuonyeshe," akasema Kalunde, binti wa maabara,
buti zake za mpira bado mpya, zinalia kila hatua.
Nikawaonyesha.
Hapa palikuwa na tanuri. Hapa tulipasua betri kwa shoka,
za malori ya tumbaku, za mashine za kusaga,
tukachomoa sahani nyeusi kama mtu anayetoa miiba ya samaki.
Tindikali? Kule, chini ya ukuta.
Nani aliyekuwa akiimwaga?
Nikakohoa kidogo.
Mimi.

Akatoboa ardhi kwa kekee, mashimo kumi na tisa,
akatia udongo katika vifuko, akaviandika kwa kalamu
kama anayefunga dawa za watoto.
Majibu yalirudi baada ya mvua za kwanza.
Mkutano ukaitwa, viti vya msiba vikaazimwa,
naye akasimama: "Kiwanja hiki kina risasi."
Bi Milembe akauliza, "Aliyepigwa ni nani?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.
Lugha yetu haikukosea kuzipa jina moja
ile itokayo mtutuni na hii ilalayo udongoni;
tofauti ni mlio tu.
Moja hupiga, ukaanguka.
Nyingine huingia na mchicha,
na vumbi la Agosti, na kidole cha mtoto kinywani,
ikangoja, hata mtoto afike darasa la tatu
akiwa bado anaitazama herufi kama mgeni mlangoni.

Mchicha wa Bi Milembe ulistawi ukutani pale pale.
Miaka sita niliununua,
mafungu mawili, na chenji nikimwachia.
Nilidhani chenji itasema kwa niaba yangu.

Sasa wananilipa kwa siku.
Suti nyeupe, barakoa, koleo:
nilichokizika kwa ujira nakifukua kwa ujira,
na wa kufukua ni mnono zaidi.
Sijui nicheke au nitubu.
Tunachimba hadi kiunoni.
Lori linaondoka limefunikwa turubai kama bi harusi.
"Linakwenda wapi?"
"Mbali," anasema dereva.
Mbali. Nimewahi kuishi huko.
Kuna mtu huko mbali anaanika michembe juu ya mwamba,
anasikia lori, anainua kichwa.

Kalunde anasema sivyo, liko shimo lenye sakafu ya zege,
lina vipimo, lina mlinzi. Namwamini.
Hata mwenye karakana nilimwamini.

Udongo mpya umeletwa, mwekundu, wanukia mvua.
Itajengwa zahanati; wengine wanasema soko;
bango lina picha ya miti ambayo haipo Tabora nzima.
Wenye nyumba jirani wamekwishapandisha kodi:
palipokuwa na sumu tulipamudu,
palipotakata, hatujui kama ni petu.
Bi Milembe ameulizia kibanda.
Ameambiwa aandike barua.

Jana jioni, treni ya Mpanda ikipiga honi,
tuliketi juu ya ndoo zilizopinduliwa.
"Mheshimiwa Mkurugenzi," nikaandika,
"mimi ni muuza mboga wa miaka mingi..."
"Weka," akasema, "kwamba mjukuu wangu kapimwa damu."
Nikaweka.
"Na weka aliyemwaga ni nani."

Kalamu ikakwama.
Hakuwa akinitazama; alikuwa akichambua mchele.
Nikaandika: Maganga. Herufi saba, nilizihesabu.
Nikampa karatasi.
Akaigeuza huku na huku, akanirudishia.
Hajui kusoma.
Ikabidi nimsomee, kwa sauti.